Kinywa cha Muzee Grégoire

Asije mtu kumlaumu Kahambu mbele yangu. Nimefanya naye kazi katika kituo chetu cha afya hapa Goma, chumba cha kifua kikuu, yeye akigawa dawa, mimi nikipima uzito, na sijaona muuguzi anayeshika kanuni kama yeye. Kanuni ya chumba chetu ni fupi. Mgonjwa anameza mbele yako, anakunywa maji, anafungua kinywa, nawe unatazama mpaka chini ya ulimi. Hapewi vidonge akameze nyumbani, hata alie. Kifua kikuu kikionjeshwa dawa nusunusu kinakuwa sugu, na hapo mtu anakufa huku dawa ziko mezani.

Kahambu aliwafungulisha watu vinywa bila kuona haya. Madereva, walimu, hata mama mmoja muuza samaki aliyemtukana kwa Kinande na Kifaransa kwa pumzi moja. Wote walifungua. Kisha akaja Muzee Grégoire.

Zamani alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe kwenye njia ya Rutshuru, mtu wa Butembo kama Kahambu mwenyewe. Alikuja na koti lililopigwa pasi na leso nyeupe mkononi kwa ajili ya kikohozi. Siku ya kwanza alipoambiwa afungue kinywa, hakukasirika. Alimtazama tu Kahambu kwa masikitiko.

"Mutoto yangu," akauliza, "baba yako angali muzima?"

"Alishakufaka, Papa."

"Angekuwa hapa, ungemuambia afungule kinywa, umuangalie meno sawa mbuzi ya kuuzisha?"

Kahambu akainamisha kichwa. Nyumbani kwao alilelewa hivyo: baba akila, binti anageuza uso. Tangu siku hiyo Muzee Grégoire alipokea vidonge vyake, akageukia ukutani, akaweka leso mdomoni, akanywa maji, akasema, "Merci, mutoto yangu." Nilimtania Kahambu kwamba kanuni zake zina mlango wa nyuma kwa wazee wa Butembo. Alicheka. Hakumwambia tena afungue.

Kanuni nyingine ni kwamba kila anayelala nyumba moja na mgonjwa aje apimwe. Muzee alisema hakuna wa kuleta.

"Niko peke yangu. Mutoto yangu Charline alibakiaka Butembo."

Tukamwamini. Mtu mzima na koti lake, kwa nini adanganye?

Wagonjwa wengine walianza kunenepa. Ndivyo inavyokuwa dawa ikishika: wanakuja wanalalamika njaa, wanasumbua kila mtu. Yeye alizidi kukonda. Koti likawa kubwa, suruali akaifunga kwa kamba, na ngazi mbili za mlangoni zikawa kazi ya kupumzika katikati. Tulipopima makohozi yake upya, ugonjwa ulikuwa bado upo vilevile.

Daktari akamwita Kahambu. "Uko na hakika anamezaka?"

"Ninamuona na macho yangu, Docteur. Kila asubuhi."

Hakuwa anadanganya. Aliamini ameona. Makohozi yakapelekwa kupimwa kama ugonjwa umekuwa sugu, na kabla majibu hayajarudi, Muzee Grégoire hakuja asubuhi moja. Kahambu alimwekea vidonge vyake pembeni mpaka mchana. Jirani yake ndiye aliyepita kutuambia kwamba amefariki. Kahambu aliingia kwenye chumba cha kuwekea dawa akafunga mlango, nami nikagawa dawa badala yake, nikiwafokea wagonjwa ambao hawakunikosea kitu.

Baada ya matanga alikuja msichana aliyevaa kitambaa cheusi kichwani. Alikuja na kijana mmoja kwa pikipiki, wakaketi pamoja kwenye benchi letu la nje, lile ambalo wapita njia wote wanaliona na kujua wanaoketi hapo wanangojea nini. Aliingia peke yake.

"Mimi ni Charline, mutoto wa Muzee Grégoire. Nilikuya kumushukuru Mama Kahambu."

Tulidhani ametoka Butembo kuja kuomboleza. Kahambu akampa kiti, akampa pole, akasema hakustahili shukrani.

"Hapana, Mama. Bila wewe ndoa yangu ingevunjika. Na mimi nilishikwaka na hii kikohozi, na Papa aliogopa familia ya fiancé yangu Jean-Bosco wataniona hapa. Ni watu wa Bukavu, hatuwajue muzuri. Alisema, 'Ule Kahambu ni mutoto wa kwetu, atakuwa anakuwekea dawa zako na mimi nitakuletea.' Alikuwa anazileta mu leso, kila asubuhi." Akakohoa kidogo, akatabasamu kwa aibu. "Kumbe Jean-Bosco nilimuambia juzi, hata hakushituka. Ni yeye alisema nikuye. Ule uko inje."

Mimi nilikuwa nimeelewa, na niliona kwamba naye Kahambu ameelewa. Dawa ile ni ya bure. Muzee angemleta tu binti yake, wangeketi wote wawili kwenye benchi, kila mmoja na vidonge vyake.

"Charline," Kahambu akasema taratibu, "mimi sikukutumiaka dawa hata siku moja."

Msichana alimtazama, akanitazama na mimi. Kisha akatazama meza, vikombe vya maji, vidonge vilivyopangwa kila mgonjwa fungu lake. Nilitamani mtu yeyote aingie, hata yule muuza samaki na matusi yake.

"Basi zilikuwa za nani?"

Kahambu akamshika mkono.

Charline hakulia. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejibu swali la daktari.

"Zilikuwa zinanichafua roho, Mama. Nilikuwa natapika. Zingine nilikuwa natupa mu choo. Nilikuwa najiambia, kesho Mama Kahambu atatuma zingine."