Bibi wa Royi

Kornelia hakuandika jambo ambalo hakulipima. Alipotaka kusema kwamba wakulima wa kusini mwa Louisville hutundika tumbaku mashina sita kwa fimbo moja, alisimama kwanza mlangoni mwa banda jeusi akahesabu fimbo tano, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na sita. Ndipo akaandika.

Mwaka wa nne sasa, mara tatu kwa wiki, alitoka nyumbani kwake Highview akaendesha gari saa nzima kwenda mashambani kuhudumia wazee wasioweza kujiogesha. Kazi hiyo ilimwingiza katika majiko ambayo Warundi na Wakongo wenzake hawakuwahi kuyaona. Wao waliijua Amerika ya maghala ya Jeffersontown na barabara kuu. Yeye aliwajua wazungu wanaochinja nguruwe baridi ikianza, wanaosali katika kanisa la watu kumi na mmoja, na ambao jirani akifiwa humpelekea chakula katika bakuli lenye plasta chini ya kitako, jina la mwenye bakuli limeandikwa hapo ili lirudi kwao.

Alibadilisha majina, akachanganya nyumba mbili tatu kuwa moja, akaandika hadithi kumi na mbili kwa Kiswahili cha Kasulu, Tanzania, alikokulia kambini. Watu walizisoma kwenye simu Louisville, Columbus na Buffalo, na sasa zilikuwa zinakuwa kitabu. Nakala ya mwisho ilitakiwa kwa mchapaji Jumatatu. Baada ya hapo hata nukta isingehama.

Iliyopendwa kuliko zote iliitwa "Bibi wa Royi." Royi analima tumbaku na anaishi na bibi yake wa miaka themanini na minane, aliyesahau karibu kila kitu isipokuwa nyimbo za kanisani. Kila Jumamosi humwosha nywele kwenye sinki la jikoni. Hadithi haina zaidi ya hayo: maji, sabuni, na ugomvi mdogo kuhusu redio. Kornelia aliiona nzuri lakini si bora kuliko nyingine, na hakuelewa kwa nini watu wa Buffalo walimtumia salamu nyingi kiasi kile kwa ajili yake.

Jumamosi hiyo walimwalika kuisoma mbele yao, Kenmore, kijiji kilichoshikana na Buffalo upande wa kaskazini. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili na robo alikuwa Columbus mlangoni kwa Cikuru, aliyekuwa mwalimu huko Bukavu, Kongo, na ambaye ndiye aliyekipanga kitabu kwenye kompyuta yake. Cikuru alishika usukani ili yeye apate kupitia nakala kwa mara ya mwisho, kalamu mkononi.

Walikuwa wameuacha mji nyuma kwa nusu saa alipoifikia hadithi ya Royi.

"Mwalimu, huyu Royi amefikisha lini miaka themanini na minne?"

"Ah, ile! Bon, ilikuwa kosa kidogo, nikaitengeneza. Uliandika makumi tatu na ine."

"Niliandika thelathini na minne kwa sababu ana thelathini na minne."

"Mama Kornelia! Bwana makumi tatu na ine, bibi makumi munane na munane? Watu watasema uyu kijana alioa shamba, hakuoa mwanamuke."

Kornelia aliteremsha kalamu. "Kaoa nani?"

"Bibi yake. Si njo uliandika? Kichwa chenyewe: Bibi wa Royi."

"Bibi yake, Mwalimu. Aliyemzaa baba yake."

Cikuru aliupiga usukani kwa kiganja.

"Koko yake!"

"Ninyi mnamwita koko?"

"Koko! Bibi ni ule ulitolea ngombe."

"Huyo kwetu ni mke."

"Kule Tanzania walikufundisha vibaya," alisema Cikuru, na akacheka hadi miwani ikamteremka puani.

Kornelia hakucheka. Alikuwa anafungua kurasa kurudi nyuma. Katika aya ya tatu, kama alivyoiandika yeye, Royi alikuwa anapanda hadi boriti ya juu kabisa ya banda kutundika tumbaku. Mtu wa miaka themanini na minne angeanguka kabla ya boriti ya pili.

"Boriti ziko wapi?"

"Nilimushusha," alikiri Cikuru. "Nikamuweka chini, anahesabu fimbo. Muzee kama ule atapanda wapi?"

"Umemshusha Royi!"

"Nilimuonea huruma."

Hapo hata Kornelia alicheka kidogo, huku akiichora mistari aya nzima. Lakini Cikuru alipozungumza tena hakuwa na mzaha.

"Shida ni Papa Mirindi."

Akamweleza. Mirindi wa Kenmore alikuwa na miaka sabini na tisa. Mke wake, Chimène, alianza kupoteza kumbukumbu miaka miwili iliyopita. Mkwe wao wa kike alikuja kila Jumapili kumwosha. Siku nyingine sita Chimène alikaa hivyo hivyo, kwa sababu Mirindi alikulia mahali ambapo mwanamume hashiki kichwa cha mwanamke mbele ya beseni. Kisha Mama Précieuse, aliyeongoza wasomaji wa Kenmore, akamsomea hadithi ya Royi kutoka nakala iliyosahihishwa aliyotumiwa na Cikuru. Tangu Jumamosi iliyofuata, Mirindi alikuwa anamwosha mke wake nywele mwenyewe, bila kusubiri Jumapili. Mkutano wa leo uliitishwa kwa sababu hiyo. Mirindi alitaka kusema neno.

"Donc leo ukimwambia kama ile haikuwa bwana na bibi," alisema Cikuru, "unaenda kumunyanganya kitu."

"Kitabu kitachapwa, Mwalimu. Mtu mwingine atamwambia."

"Nani atajua? Nani ataenda kupima miaka ya Royi?"

"Mimi niliipima."

Alisema hivyo kwa uhakika, lakini kuanzia hapo hadi Buffalo hakusahihisha ukurasa hata mmoja. Kiswahili chake chote kilikuwa sahihi, na msomaji aliyefaidika kuliko wote alikuwa amekielewa visivyo. Mzee akirudi kwenye Jumapili ya mkwe wake, Chimène ndiye angelipa. Na Kornelia, ambaye kwa kazi yake aliijua harufu ya kichwa kisichooshwa siku sita, hakuweza kujifanya kwamba hilo ni jambo la lugha tu.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa na watu kama ishirini na sufuria tatu. Mama Précieuse, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupanga watu mistari, alimketisha Kornelia mbele na kumpa soda. Chimène alikuwa karibu na dirisha, nywele zake nyeupe zimesukwa mikia mitatu isiyolingana. Ilionekana wazi ni kazi ya nani. Zilikuwa safi kabisa.

Mirindi alisimama kabla hadithi haijasomwa.

"Miye si mutu wa maneno mingi," alisema. "Niliona ule muzungu, muzee kama miye, anaosha bibi yake, na mikono haikukatika. Nikasema, bon, na miye. Njo vile tu. Aksanti, Mama."

Watu walipiga makofi. Cikuru aliangalia viatu vyake. Kornelia alisimama, akasubiri makofi yaishe.

"Papa Mirindi, shikamoo. Nina kosa la kukiri. Royi si mzee. Ana miaka thelathini na minne. Na yule anayemwosha si mke wake. Kwetu bibi ni mama wa baba, au mama wa mama. Ni yule mnayemwita koko."

Mirindi alimgeukia Précieuse kana kwamba ndiye aliyemdanganya.

"Koko yake?"

"Miye nilisoma vile iliandikwa, Papa!"

"Miaka makumi tatu na ine? Iko na kazi?"

"Anayo," alisema Kornelia. "Analima ekari tisa za tumbaku. Anaamka saa kumi."

Mzee aliketi.

"Bon," alisema. "Bwana wa makumi munane na ine, ningesema: muzee, hana kazi ingine, acha aoshe. Lakini kijana! Na shamba! Na haikumutolea ata ngombe moja!" Akamnyooshea kidole mke wake dirishani. "Uyu nilimutolea ngombe munane. Sasa ningekataa kwa sababu gani?"

Kicheko kilianza kwa wanawake wa nyuma kikaja mbele. Précieuse alipiga meza.

"Lakini ile neno bibi itoke! Itatuvunjia ndoa za watu."

"Niandike nyanya?" aliuliza Kornelia.

"Nyanya ni ya kupika mu sombe!"

"Koko, basi," alisema Cikuru.

"Koko kwetu ni la embe, Mwalimu."

Walibishana hadi Mirindi alipoinua mkono. "Royi mwenyewe anamwita namna gani?"

Kornelia alikumbuka vizuri. Alikuwa amelisikia neno hilo katika nyumba saba. "Mamoo. Watu wote wa kule wanasema hivyo."

"Njo jina yake. Sasa munatafuta nini?"

Cikuru alifungua kompyuta pale pale juu ya meza ya chakula. Aliandika "Mamoo wa Royi" kwenye kichwa, akarudisha miaka thelathini na minne, akampandisha Royi kwenye boriti.

"Kuna ingine," alisema Mirindi, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma yao. "Taulo. Uliandika iko ku mabega."

"Ndiyo. Mabegani."

"Hapo uliongopa. Maji inaingia mu mugongo, mama analia."

Kornelia alikaa wima. Nywele za wazee wake aliziosha kitandani kwa beseni, kwa utaratibu wa kazi. Habari za sinki la Royi alisimuliwa tu. "Nionyeshe," alisema.

Jikoni mwa ukumbi walimkalisha Cikuru kwenye kiti, mgongo kwenye sinki. Mirindi alikunja taulo mara mbili, kisha mara mbili tena, akaliweka kwenye ukingo wa sinki, chini ya shingo. Chimène alikuwa ameletwa mlangoni. Aliangalia, akasogea, akalivuta taulo kidogo upande wa kushoto.

"Ona," alisema Mirindi. "Yeye njo anajua."

Cikuru alipiga kelele kwamba maji ni ya baridi. Kornelia alikuwa ameegemeza daftari kwenye friji, anaandika: mara nne, ukingoni, kushoto kidogo.