Kichwani mwa Mtunza Kumbukumbu

Ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ilikuwa na makabati kumi na moja, rejesta ya majalada iliyoachwa kuandikwa tangu mwaka ambao panya walihamia, na Bi Faili. Mtu akija dirishani kutafuta cheti, Bi Faili hakuinuka. Alipuliza chai yake, akamuuliza jina la mama mzazi, akamtazama kidogo, kisha akasema: "Kabati la saba, rafu ya chini, jalada la kijani lenye kona iliyoliwa na mende. Wewe ni wa tatu kutoka juu." Karani mwenzake alikwenda, na kweli mtu alikuwa wa tatu kutoka juu. Kwa miaka ishirini na sita Bi Faili alikosea mara moja tu, na hata hiyo ilibainika baadaye kwamba mwenye cheti alikuwa akitafuta mwaka aliojitungia mwenyewe.

Jumanne moja ikaletwa fomu. Wizara ilikuwa imekubaliana na kampuni moja ya ng'ambo kwamba kumbukumbu zote za serikali zikahifadhiwe huko, mahali penye baridi na walinzi, mbali na panya. Fomu ilikuwa na maswali arobaini. Swali la kumi na nne liliuliza: "Kwa sasa kumbukumbu zinatunzwa wapi?" Mkuu wa ofisi aliyatazama makabati, akaitazama rejesta, akaona haya kuandika uongo kwenye karatasi ya wageni. Akaandika kwa herufi kubwa: KICHWANI MWA BI FAILI. Akapiga mhuri. Baadaye alisema nia yake ilikuwa kumsifu, na hakuna sababu ya kutomwamini.

Uhamisho ulifanyika Alhamisi, kati ya saa nne na saa nne na robo. Bi Faili hakusikia maumivu yoyote. Alikuwa akikoroga chai, na katikati ya kukoroga akasahau alijifunzia wapi kunywa chai. Majalada yalibaki kabatini, kwa kuwa hakuna aliyeyataja kwenye fomu. Mtu wa kwanza dirishani alipotaja jina la mama yake, Bi Faili alimjibu kwa upole kwamba hilo ni jina zuri.

Njia ya kurudi nyumbani aliiweza. Kampuni ilieleza katika barua yake kwamba ilichukua kumbukumbu peke yake, mazoea iliyaacha kwa mwenyewe. Kwa hiyo Bi Faili aliendelea kufunga kitenge vizuri, kufunga mlango mara mbili na kumgombeza binti yake kwa kutembea peku akiwa na mimba ya miezi minane. Kwamba huyo ni binti yake alielewa kwa kuwa binti alimwita mama.

Shida ilijitokeza Ijumaa. Mume wa Bi Faili alikuwa seremala, na alifariki miaka minne iliyopita. Tangu afariki alikuwa akipita nyumbani kila Ijumaa saa kumi jioni, anatikisa bawaba za mlango wa jikoni, anakaa kidogo kwenye kigoda, anaondoka. Ijumaa hiyo saa kumi ilifika ikapita.

"Mama, baba leo vipi?" binti akauliza.

"Baba yupi?" akasema Bi Faili.

Binti akaiweka chini ndoo aliyokuwa ameibeba. Si kwamba alimlilia baba, huyo alishamlilia zamani. Alililia jina. Kitandani hospitalini, siku yake ya mwisho, seremala alimvuta mkewe karibu akamnong'oneza jina la mjukuu wao wa kwanza, akamwambia lisitoke mpaka mtoto azaliwe. Wakati huo binti alikuwa hata hajaolewa. Ukiacha randa na patasi mbili, hilo jina ndilo pekee alilomwachia mwanawe. Kwa miaka minne binti alimbembeleza mama yake, akamtega, akajifanya hata kuumwa, na Bi Faili akacheka tu na kumwambia subiri. Halikuandikwa popote. Bi Faili hakuwa mtu wa kuandika.

"Mama, jina la mtoto wangu."

"Mwanangu, sinalo," alisema Bi Faili, akatafuta tena kichwani, akakuta pameshafagiliwa.

Jumatatu simu ya ofisini ililia, Bi Faili akaipokea kwa kipaza sauti. Aliyepiga alikuwa fundi wa kampuni, mwanamke, huko huko ng'ambo. Alizungumza Kiswahili kizuri mno, tena chenye lafudhi ambayo ofisi nzima iliitambua, kwa sababu ilikuwa ya Bi Faili. Alijifunzia humo humo kwenye mzigo wa kumbukumbu. Hata kabla ya kutoa habari mbaya alikohoa kidogo, kama Bi Faili anavyokohoa.

"Shoga, habari za asubuhi. Kuna mzee huku anatembea kwenye korido zetu na penseli sikioni. Hayumo kwenye orodha ya wageni. Ni wako?"

"Watu wanasema ninaye."

"Basi yupo. Alikuja na mzigo. Amesharekebisha milango ya ghorofa mbili, na jana amenitengenezea kiti changu kilichokuwa kinalia. Mtu mzuri. Anakuulizia."

"Muulize jina la mjukuu," akasema Bi Faili.

Ikasikika sauti ya mtu akipiga nyundo, kisha nyundo ikanyamaza.

"Kanitajia," alisema fundi. "Zuri hilo! Lakini siwezi kukupa, shoga yangu. Kitu kikishaingia huku kinafuata sheria za huku. Lazima uombe kwa fomu."

"Nipe herufi ya kwanza tu."

Fundi akakohoa. "Na herufi nayo ni taarifa."

Bi Faili aliomba kwa fomu. Alijibiwa kwamba ili aombe, ni lazima kwanza athibitishe yeye ni nani kwa kujibu maswali matatu kuhusu maisha yake ya zamani. Alikosa yote matatu. Mfumo ukamshauri ajaribu tena baada ya siku thelathini, na ukamtahadharisha kwamba kuna mtu anajaribu kujifanya yeye.

Habari ikapanda mpaka wizarani. Waziri akazungumza redioni kwa hasira, akasema kichwa cha mwananchi ni sehemu ya ardhi ya nchi, na seremala ni mali ya taifa, arudishwe mara moja. Serikali ya ng'ambo ikajibu kwa adabu kwamba seremala hajalalamika, kwamba yuko ndani ya mipaka yao, na kwamba bado ana milango ya ghorofa nne ya kurekebisha. Balozi wao akaitwa kuhojiwa. Balozi wetu akaitwa kuhojiwa. Kwa muda wa wiki moja mabalozi hao wawili walishinda kwenye mabenchi ya kusubiria.

Hotuba ya pili ya waziri ilikuwa kali zaidi, ila aliiandika kwenye kompyuta, na kompyuta zote za wizara zilikuwa za kampuni ile ile. Alipofika kwenye neno "hatutakubali", zikalala. Zililala siku mbili. Hospitali zikarudi kuandika kwenye viganja vya wagonjwa, na vyeti vya ndoa vikasimama, wakapatikana maharusi kumi na wawili wasiojua warudi kwa nani. Siku ya tatu waziri akafafanua kwamba alinukuliwa vibaya. Kompyuta zikaamka.

Ukapatikana muafaka. Bi Faili aliruhusiwa kutazama kumbukumbu zake kwenye kompyuta ya ofisi, robo saa kwa siku, bila kugusa, bila kunakili. Mkuu wa ofisi akamwekea kiti, na makarani wakasimama nyuma yake. Wakati huo binti alikuwa ameshajifungua, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi, ana siku tano, na kila aliyekuja kumwona alimwita "huyu".

Bi Faili alijiona akiwa mdogo, akivuka mtaa na viatu mkononi. Alimwona mama yake. Hapo akalia wazi, mbele ya makarani, kwa kuwa hakujua alikuwa na mama mzuri kiasi kile. Kila baada ya dakika tatu seremala alisimama katikati ya kumbukumbu, akageuka na kusifu aina fulani ya godoro, kisha akaendelea na alichokuwa akifanya. Alionekana ana aibu kidogo. Mkuu wa ofisi alisema tangazo lilikuwa fupi ukilinganisha na mengine.

Siku ya tatu ya kutazama, kumbukumbu zikafika hospitalini. Seremala akamvuta mkewe karibu, midomo ikasogea, akasema, "Mtoto wa kwanza wa binti yetu mwiteni..." Kompyuta ikapiga mlio mrefu mwembamba, na chini yakatokea maandishi: Sehemu hii ina mali ya kibiashara.

Fundi alipiga simu kesho yake asubuhi. Alikohoa mara tatu.

"Shoga, nimekukosea. Hapa kazini wana kitu kipya, kile kinachozungumza na watu kwenye simu. Walikitafutia jina kwa miezi. Kwenye kikao nikajikuta nimelitaja lile. Halikuwa kusudio langu, lilinitoka tu, unajua lilivyo zuri. Wote wakapiga makofi. Sasa wamelisajili dunia nzima."

Bi Faili hakumtukana. Matusi yote aliyoyajua yalikuwa ng'ambo.

"Mimi sijakwambia chochote," fundi akaongeza kwa sauti ya chini. "Lakini kesho saa moja asubuhi msikilize redio."

Waliisikiliza wote watatu, jikoni. Muziki ukapiga, mwanamume mmoja mwenye sauti ya asali akalitaja jina, akalitaja tena, akasema linakujua kuliko unavyojijua. Mtoto, aliyekuwa amelala, akafumbua macho, akageuza kichwa chote upande wa redio.

"Ndilo," alisema binti. Akamwinua mtoto, akafungua mdomo amwite. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Bi Faili naye akajaribu, akaambulia kukohoa. Jirani aliyeitwa kusaidia, mwalimu wa kwaya mwenye kifua kipana, hakufika hata herufi ya pili. Msimulizi wa habari hizi amejaribu kuliandika hapa mara nne na kalamu inaruka mstari, kwa kuwa hana leseni.

Ofisini, Mkuu mwenyewe alikaa kumsajili mtoto, kwa heshima ya Bi Faili. Mfumo ulimrudishia jibu kwamba jina lina mwenyewe, ukampendekezea mengine matatu yaliyo huru, yote ya dawa za kikohozi. Binti akayakataa. Alisema mwanawe ana jina tayari, tatizo ni la anayelizuia, na hataenda kumvika mtoto jina la kuazima kumfurahisha mtu asiyemjua. Mkuu akakuna kichwa. Cheti kikatoka na mstari mweupe mahali pa jina, na chini yake mhuri safi kabisa.

Fundi bado hupiga simu Ijumaa saa kumi na kueleza seremala anaendeleaje. Amemaliza milango, sasa amepewa meza. Mabalozi wamesharudi maofisini mwao. Mkuu wa ofisi amepandishwa cheo, na wizara imeleta fomu nyingine, hii inahusu sauti za watu.

Mtoto ana miezi saba na ameshajua kukaa. Jumapili tangazo halipigwi, na siku hiyo hushinda mkorofi, anaitazama redio na kuipiga kwa kijiko. Siku nyingine zote, saa moja kasoro dakika mbili, bibi yake humkalisha juu ya meza ya jikoni, humpangusa uso, huisogeza redio karibu na huongeza sauti, ili aitwe vizuri.