Mwalimu Asiye na Mtu

Mama yake mwalimu wa hesabu alikuwa anashona kola ya shati la shule, mguu kwenye pedali na pini mdomoni, kiboko cha kwanza kilipomshukia mgongoni. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Alizitema pini kiganjani asije akazimeza, akainama, akapokea cha pili na cha tatu. Kwa uzito wake akautambua mkono wa mwanawe. Kilichofuata kilichana ngozi. Damu ilipenya gauni ikadondokea shati jeupe, na kilichomuudhi zaidi ni lile shati, maana mwenye shati angekuja kulichukua jioni.

Wakati huohuo, shuleni, mwanawe alikuwa anamchapa msichana aliyeshindwa kujumlisha nusu na robo. Msichana huyo wenzake walimwita Kwanini, kwa sababu hakuna jambo alilolikubali kabla ya kuliuliza hivyo. Aliinama mbele ya ubao akingoja maumivu, na maumivu hayakuja. Alisikia fimbo ikigonga mgongo wake kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Aliposimama macho yake yalikuwa makavu, na mwalimu, ambaye hakuzoea dharau ya namna hiyo, akamwinamisha tena.

Habari zilienea kabla ya mapumziko kwamba fimbo ya hesabu haiumi. Kuanzia hapo watoto wakaanza kunyoosha mikono. Walikosea bila wasiwasi, wakachapwa, wakarudi kwenye madawati wakiendelea kubishana kuhusu jibu. Kwanini aliuliza inakuwaje robo mbili ziwe nusu, akala viboko, akauliza tena kwa njia nyingine, mpaka mwalimu akajikuta anakata karatasi vipande na kuvipanga mezani ili amweleweshe. Hakuwahi kufundisha hivyo. Mkono mmoja ulishika mkasi na mwingine fimbo, na kengele ya mwisho wa kipindi ilianza kumkera.

Mtihani wa muhula ulipokuja, darasa lile liliyapita mengine yote. Mkuu wa shule, mwanamke mpole aliyependa kila kitu kiwe na sababu yake, aliwaita walimu ofisini na kuwauliza ni nini kimebadilika. Walimu wakaumiza vichwa, kisha wakaona kwamba siku hizi mwalimu wa hesabu anachapa kuliko zamani. Basi likawa limejulikana. Mkuu akaagiza aongeze.

Nyumbani, mama hakuweza tena kulala chali. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuja kila jioni kumsafisha vidonda na kuibandua nguo iliyogandia nyama. Daktari alipomuuliza anapigwa na nani, alijibu kwamba ni mwanawe, lakini akiwa kazini. Daktari akaandika hivyo. Alisema ubavu mmoja umevunjika, na kwamba mwili wa mtu wa umri ule hautaumaliza muhula unaokuja.

Mwalimu aliposikia hayo alilia kama mtoto. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na ni cherehani ile ile iliyomsomesha. Alimuuliza kwa nini alikaa kimya muda wote huo.

"Hao watoto wanaelewa?" mama akauliza.

Alijibu kwamba wanaelewa sana, hajapata kuona.

"Basi endelea, mwanangu," alisema, akageuzia uso ukutani, kwa kuwa ubavu wa upande ule ndio pekee alioweza kuulalia.

Walimu walikaa kikao. Hakuna aliyeshangaa wala aliyefanya mzaha, maana karibu kila mmoja alikuwa na mzazi. Mwalimu wa sayansi alipendekeza fimbo nyembamba. Mwingine alishauri mama apelekwe mbali, kwa ndugu zake, akaambiwa kuwa viboko vya aina hii havijali umbali. Kwamba fimbo ingeweza kuwekwa chini, hilo halikumjia mtu, wakati darasa linafaulu. Mwishowe mkuu alimgeukia mwalimu wa michezo, kijana mwenye mikono mizito aliyekulia kwenye nyumba ya yatima.

"Una mama?"

"Sina."

"Mke je? Mchumba? Mtu yeyote anayekupenda?"

Mwalimu wa michezo alifikiri, kwani alikuwa mkweli. "Hapana, mkuu. Sina mtu."

Kikao kizima kikashusha pumzi. Aliwekewa kiti mlangoni mwa darasa la hesabu, akakabidhiwa fimbo.

Kiboko chake cha kwanza kilitua kwa Kwanini na kikabaki hapohapo. Yowe la msichana lilisikika mpaka jikoni. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani mtoto mmoja alikuwa anatoka damu sikioni na mwingine amevunjika kidole kwa kujikinga. Mwalimu wa michezo hakuwa katili. Alifanya kazi aliyopewa, na baada ya hapo aliwasindikiza bombani wakanawe. Wiki haikuisha, mikono ikashuka. Waliokuwa wakibishana wakatulia tuli kama maji mtungini. Mkuu alipita dirishani, akausikia ukimya ule, akampongeza mwalimu wa hesabu kwa nidhamu.

Mama akapata nafuu. Vidonda vilikauka, akarudi kwenye kazi yake, na jioni moja akaulizia habari za yule msichana wa maswali.

"Ametulia, mama. Siku hizi haulizi kitu."

Cherehani ilinyamaza. Alimtazama mwanawe kwa hasira ambayo hakumwonyesha hata alipokuwa anavuja damu.

"Kesho ukawachape wewe mwenyewe."

"Siwezi, mama," akasema. "Nakupenda."

Asubuhi mwalimu wa hesabu aliandika swali ubaoni, akageuka kutafuta mkono. Hakuna ulionyooka. Akamwita Kwanini. Msichana akasimama, akatazama mlangoni, na bila kuambiwa akaanza kuinama.