Ndege Isiyopiga Simu

Kasiani alikuwa amechoka hata kabla ndege haijagonga ng'ombe. Miaka thelathini na moja alikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege upande wa Mvumi, wilayani Kilosa: ukanda wa nyasi na kibanda cha bati, basi. Mashine ya kukatia nyasi aliiomba ofisini mpaka akaona haya. Mwishowe akapatana na Moringe, mfugaji jirani. Ng'ombe wa Moringe wawe wanakula nyasi za kiwanjani. Rubani akipiga simu kuomba kibali, Kasiani ampigie Moringe simu, mifugo iondoke.

"Bila simu yangu, hakuna ndege inayoshuka hapa," alimwambia. Ofisini hakuna aliyeujua mpango huo.

Asubuhi hiyo simu haikulia. Ndege ndogo nyeupe ilizunguka mara moja, ikashuka. Ng'ombe wakatawanyika, isipokuwa jike mmoja mwenye mimba ambaye hakuwahi.

Rubani alitoka mzima. Aliitwa Deo, bwana wa Dar mwenye ndege yake, aliyekuwa akienda Mikumi kutazama tembo.

"Shikamoo, mzee. Mkojo ulinibana, nikasema niteremke kidogo tu."

"Marahaba," Kasiani akajibu, kisha akajichukia kwa kujibu.

Deo akamvuta pembeni. "Tuyamalize hapa hapa. Ukiandika nimetua bila kibali, na mimi nitaandika umegeuza kiwanja zizi. Mimi watanisimamisha miezi michache. Wewe je?"

Kasiani alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Wakijua habari ya ng'ombe, watamfukuza kama mwizi.

Moringe alikuwa amepiga magoti, kiganja juu ya tumbo la ng'ombe wake. Akainuka, akawafuata.

"Mzee, utaandika? Bila karatasi yako, huyu atasema ng'ombe alijigonga mwenyewe."

Kasiani alitamani kufunga mlango wa kibanda alale, watu wamalizane wenyewe. Badala yake akatoa fomu, akaketi. Akaandika kwamba ndege imetua bila kibali. Akaandika na habari ya ng'ombe, kwa nini walikuwepo na nani aliyewaruhusu. Deo akasonya, akatoka nje na simu yake. Moringe alisimama nyuma ya kiti, akisoma kila neno.

"Mungu akubariki, mzee wangu. Mwingine angenitupa."

Likabaki swali la mwisho: rubani huyu amewahi kutua hapa bila kibali? Mara ngapi?

Kalamu ikasita. Kasiani angeweza kuandika hapana, na Deo asingembishia. Lakini alikwisha choka hata kudanganya. Akaandika: mbili.

Moringe akalisoma neno hilo, akalirudia.

"Lini?"

"Mwezi wa nne. Na juma lililopita. Ng'ombe walikuwa mtoni, hakuna kilichoharibika. Alinipungia mkono, akaondoka. Fomu hii ina kurasa nne, Moringe. Nilichoka, nikaona yaishe."

"Na mimi hukuniambia."

"Sikukuambia."

Moringe akatazama nje. Wale ng'ombe wengine walikwisha rudi kiwanjani, wanakula kandokando ya bawa la ndege.

"Leo nimechunga mwenyewe. Jana mimi nilikwenda mnadani Dumila," akasema. "Aliyechunga hapa ni binti yangu, Seleina. Ana miaka minane."