Kavata wa Vidio

Nekesa alikuwa ameinamia gunia la chupa alizookota jaani Dandora, mikono inanuka, alipomwona mumewe tena kwa Kavata. Wekulo amesimama na kikombe cha uji, ulionunuliwa kwa pesa za chupa zile zile, anacheka. Wivu ukamkaba Nekesa. Tangu kiwanda kipunguze vibarua, naye akiwemo, mwanamume huyu hakuwahi kumchekea mkewe. Kwa Kavata, meno yote nje.

Kavata alikuwa mjane, jirani yao wa ploti moja ya vyumba vya kupanga. Alipika uji wa wimbi kando ya barabara, nywele zake ndefu kazifunga leso nyeupe. Uji ndio uliolipa kodi na kumlisha mtoto wake.

Jumapili, walipotoka kanisani, Nekesa akamfuata Opiyo kwenye kibanda chake cha vidio. Sinema zilikuwa za kigeni, kwa hiyo Opiyo alisimama kando ya televisheni akizieleza kwa Kiswahili, na kila mtu wa sinema akampa jina la mtu wa mtaani. Watu walijaa kwa sababu hiyo.

"Leo kuna nini?" Nekesa akauliza.

"Ya kutisha, Mama Shiundu," Opiyo akamjibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Manzi mrembo anakula wanaume."

"Kwani jini ni mwanamke kila siku?"

"Si ndivyo watu wanataka? Awe mrembo, avue nguo, ageuke jini, akatwe kichwa. Jini akiwa mwanaume, hakuna anayepiga makofi."

"Basi huyo wa leo mwite Kavata."

Opiyo akacheka. Hakuuliza kwa nini.

Alasiri ile, jini alipotoa makucha, Opiyo akanguruma, "Kavata huyo, na uji wake!" Wanaume wakapiga mbinja. Shoka liliposhuka shingoni wakasimama kushangilia, Wekulo wa kwanza. Nekesa, amejibanza mlangoni, akasikia raha. Raha kabisa, tusidanganyane.

Utani ukatoka kibandani ukaingia ploti. Mtoto wa jirani akaharisha, watu wakasema lisemwalo lipo. Uji wa Kavata ukawa unaganda kwenye sufuria. Akaenda kwa chifu kushtaki. Askari wa mlangoni akataka chai kwanza, naye hakuwa na ya kumpa.

"Mimi sijasema wewe ni jini," Mzee Ndete, mwenye ploti, alimwambia uani, wapangaji wote wakisikiliza. "Lakini watu wanataka kuhama. Nifanyeje?"

"Nami niende wapi na mtoto, mzee?"

"Hilo ni lako, mama."

Kavata akageuka. "Mama Shiundu, wewe umekunywa uji wangu miaka. Waambie."

Nekesa akaendelea kuanua nguo zake kambani. Jioni Kavata alihama, mtoto mgongoni, sufuria kichwani.

Wiki iliyofuata Nekesa aliwasha jiko pale pale kando ya barabara. Alikuwa ameachana na jaa, ameoga, amefunga leso safi. Kikombe cha kwanza akamchotea mumewe, akangoja kile kicheko kije kwake.

Wekulo alikipokea, akakinusa. Akamtazama mkewe kuanzia leso hadi miguuni, hakucheka. Kisha akamwita mbwa wa ploti, akammiminia uji kidogo chini, akasimama kumwangalia akila. Nyuma yake wateja nao wakasubiri.