Kavunja Nani?

Mtaani kila mtu alimwita Mama Pindo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupunguza suruali, kubana viuno vya magauni na kubadilisha zipu zilizochoka. Mumewe alikuwa dereva wa gari la kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja kubwa, na jina lake lilikuwa Kesho. Hilo hakupewa na wazazi, alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Rafu ya ukutani? Kesho. Bomba linalovuja? Kesho, mke wangu, Mungu akipenda. Hata kinyozi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa akisema kwamba Kesho huota nywele mpaka ukadhani ana nadhiri.

Sasa, mambo ya rafu na bomba mwanamke huyasamehe, japo kwa kununa. Lakini mama yake Mama Pindo alipofariki huko kwao, Kesho alisema tiketi ataikata kesho. Kulipokucha akasema hivyohivyo. Kulipokucha tena, mama akazikwa, na binti yake yuko ughaibuni, sanduku limefungwa, limewekwa mlangoni, naye amelikalia akitazama simu.  Alifungua sanduku, akatundika nguo zake kabatini, akaenda kazini.

Neno ambalo hakulisema likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Angemwambia mumewe wakiwa wawili, angejibiwa, "Pole mama, tutalizungumza kesho." Basi baada ya mwaka na ushei alihamia chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji, akaamua kudai talaka. Na tuelewane mapema: talaka yenyewe ilikuwa nusu tu ya haja yake. Nusu ya pili, tena ile kubwa, alitaka Kesho aambiwe mbele za watu, "Hapa ulikosea, bwana," na yeye aitikie kwa kinywa chake.

Kwao mambo yalikuwa hivyo. Ndoa haikufa kimyakimya kama betri. Watu wa upande huu na wa upande ule walikaa chini, kila mtu akamwaga lililo tumboni, wakubwa wakapima, wakasema nani ana haki na nani hana. Ndipo mkaachana, kama ni kuachana. Mama Pindo akajua na huku ni vivyo hivyo, ila kwa viti vizuri zaidi. Akawa anafanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya cherehani. Palipo na uchungu alikanyaga kwa nguvu, na wateja kadhaa wakaondoka na mapindo yaliyokwenda upande.

Wakili alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya maji baridi. Alimweleza kwamba ingawa walioana kwao, maadamu wanaishi hapa, sheria ya hapa ndiyo itakayowaachanisha. Kisha akauliza kama wana watoto. Hawana. Nyumba? Ya kupanga. Na mume, anakubali? Anakubali.

"Basi," wakili akasema, akafunga faili.

"Basi nini?"

"Basi, tumemaliza. Utapewa tarehe."

"Mbona hujaniuliza kafanya nini?"

"Sheria ya huku haiulizi kosa, mama. Mkikubaliana kwamba ndoa imevunjika, inatosha."

Mama Pindo alimtazama yule binti kama anayetazama nguo iliyoshonwa mikono mitatu. "Loo! Sheria gani hii isiyo na masikio?" Akatoka akisonya hadi barabarani. Lakini moyoni akajipa tumaini: wakili ni mtoto huyu, anajua nini? Hakimu ni mtu mzima. Hakimu atauliza.

Siku ya kesi ikafika. Hakimu alikuwa kweli mtu mzima, mama mwenye miwani na kikohozi kidogo. Kando yake alikaa mkalimani, mwanamke wa lugha yao ambaye watu wa kwao walimbatiza Mdomo wa Serikali. Pale kazini alikatazwa kutia neno lake hata moja, na kwa mtu anayependa kusema kama yeye, hiyo ilikuwa adhabu. Kesho alifika amechelewa, anahema, shati nusu ndani nusu nje.

Hakimu akamuuliza Kesho kama ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Kesho akasema ndiyo. Hakimu akamgeukia Mama Pindo.

"Imevunjika, Mheshimiwa," akasema, akavuta pumzi ya hotuba. "Lakini kavunja nani?"

Mkalimani akatafsiri. Hakimu akakohoa. "Mahakama haina haja ya kujua."

"Ala! Sahani ikivunjika nyumbani tunauliza, itakuwa ndoa?"

"Mama, jibu swali tu. Imevunjika au haijavunjika?"

Hapo Mama Pindo akaona hotuba yake yote inamfia mdomoni. Akaona akitia saini tu, ataondoka na karatasi, na mwiba wake utabaki palepale ulipo hadi siku yake ya kufa. Akakunja mikono kifuani.

"Kama hamuulizi kavunja nani, basi haijavunjika."

Mdomo wa Serikali akameza kicheko, akatafsiri. Hakimu akavua miwani. Sheria ilikuwa wazi: mmoja akikataa, kesi inaahirishwa mpaka waelewane. Wakaambiwa warudi baada ya miezi mitatu.

Kwenye korido Kesho alikuwa kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. "Mke wangu, si wewe uliyedai talaka?"

"Naidai."

"Umeikataa sasa hivi! Nimekusikia!"

"Naidai, lakini siichukui kama karatasi za matangazo wanazogawa barabarani. Nataka kikao."

"Kikao? Na wazee gani? Wetu wote wako mbali, walio hai."

"Tutawatafuta hapahapa. Na usiniambie kesho, Kesho."

Kutafuta wazee ughaibuni ni kazi, maana kila mtu ana zamu. Upande wa mume akapatikana kinyozi, aliyekubali upesi mno, akavaa na tai. Upande wa mke Mama Pindo alimwendea Mdomo wa Serikali. Huyu akasema kazi yake hairuhusu kabisa, ni mwiko, anaweza kufukuzwa, na je, ni saa ngapi?

Wakakutana Jumapili dukani, katikati ya magauni yaliyotundikwa. Kinyozi alikalia kiti cha wateja, mkalimani akakalia marobota ya vitambaa, na Kesho akapewa kigoda alichokaa magoti yakimgusa kidevu. Chai ikamiminwa. Kinyozi akakohoa kama hakimu, akasema kikao kimefunguliwa, shemeji aseme lililo tumboni, na ndugu yake asimkatize.

Mama Pindo akaanza na madogo. Rafu, bomba, kitasa cha choo kinachomfungia mtu ndani. Kila lilipotajwa, kinyozi, ambaye alikuja kumtetea rafiki yake, akaguna, "Eh! Hata kitasa?"

"Wewe uko upande gani?" Kesho akamnong'oneza.

"Upande wako, ndugu yangu, lakini kitasa?"

Kesho akajitetea kwamba kazi ghalani ni nzito, mtu anarudi hoi. Mkalimani, kwa mazoea, akamgeukia Mama Pindo: "Anasema kazi ghalani ni nzito, anarudi hoi."

"Dada, nimemsikia! Lugha ni moja!"

"Nisamehe, mdomo umezoea."

Wakacheka wote wanne, na kwa dakika ile ungedhani ni wageni wa chai tu. Kisha Mama Pindo akaweka kikombe chini. Hotuba aliyoifanyia mazoezi ilimtoroka yote. Akasema kwa sauti ndogo, akiitazama cherehani yake:

"Mama yangu alizikwa mimi nimekalia sanduku."

 Kinyozi akalegeza tai.

"Nilikuomba tiketi, ukasema kesho. Nikakuomba tena, ukasema kesho. Dada zake mama wakaniuliza kwenye simu niko wapi, nikawaambia niko njiani. Niliwadanganya ili usiaibike. Nimeudanganya ukoo wangu mzima kwa ajili yako, na wewe hujawahi kulitaja hata siku moja. Kama vile aliyekufa ni paka wa jirani."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Kesho alikuwa ameinamisha kichwa mpaka ungeona pale nywele zilipoanza kumtoka.  

"Niliogopa," Kesho akasema mwishowe. "Nilijua ukienda kwenu hutarudi. Tulikuwa hatuelewani tena, ulikuwa huniangalii. Nikasema nikichelewesha kidogo, labda... Sijui nilifikiri nini."

"Na nilibaki," akasema Mama Pindo. "Na si ndiyo haya, nimeondoka vilevile."

"Nimekosa," Kesho akasema, lakini kwa sauti iliyoishia kwenye kola ya shati.

Mkalimani akajisahau tena. "Anasema amekosa."

Safari hii Mama Pindo hakumkemea. Aliinua uso. "Sijasikia vizuri, dada. Mwambie arudie."

"Anaomba urudie," mkalimani akamwambia Kesho, kwa ile sauti yake ya mahakamani.

Kesho akasimama. Kigoda kikaanguka, akakiacha. "Nilikosea. Nilikunyima kumzika mama yako, na nilijua ninachofanya. Nimekosa mbele yako na mbele ya hawa."

Mkalimani akamgeukia Mama Pindo, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Halikuwa la kutafsiri. Kinyozi, kama mkubwa wa upande ule, akatamka lile neno ambalo Mama Pindo alikuwa amelisubiri mwaka na ushei: "Hapa ulikosea, ndugu yangu. Sana."

Mama Pindo akapumua. Jamani, alipumua! Kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa nzima. Kinyozi alipoona uso wake umekunjuka, akapiga makofi kwa furaha, akamimina chai mpya bila kuombwa.

"Basi shemeji, yameisha?"

"Yameisha."

"Alhamdulillahi! Kwa hiyo sanduku lirudi nyumbani?"

"Sanduku lirudi wapi? Nimesema yameisha, shemeji. Sasa naweza kumwacha bila kumchukia. Kunyweni chai, itapoa."

Kinyozi alimtazama Kesho, Kesho akamtazama mkalimani, na mkalimani, aliyekuwa mtu mwenye hekima kuliko alivyoonekana, akachovya biskuti. Maji yakimwagika hayazoleki, hata ukiomba radhi kwa sauti nzuri namna gani. Hilo Kesho alilielewa mwenyewe. Alikiinua kigoda, akakiweka pembeni taratibu, akaketi kumalizia chai yake.

Siku ya kurudi mahakamani, Mama Pindo alimkuta Kesho amesimama nje kabla milango haijafunguliwa. Alidhani macho yanamdanganya.

"Umelala hapa?"

"Nimekuja mapema."

"Mapema, wewe? Nani kafa tena?" Neno lilimtoka kabla hajalipima, wakatazamana, kisha wote wawili wakaangua kicheko, kicheko cha aibu na uchungu, mpaka askari wa mlangoni akawaangalia mara mbili. Watu wanaokuja kuachana kwa kawaida hawacheki hivyo.

Pindo la suruali ya Kesho lilikuwa limefumuka, linaburuta chini. Mama Pindo akasonya. Akatoa sindano mkobani, akapiga goti pale kwenye ngazi, akalishona mguu ukiwa ndani, akamwambia atulie kama hataki kudungwa. Kesho akatulia kabisa, akiangalia juu, akipepesa macho.

Ndani, hakimu aliwakumbuka. Alimuuliza Kesho swali lilelile, naye akajibu, "Imevunjika, Mheshimiwa." Kisha hakimu akamgeukia Mama Pindo, akashusha miwani puani.

"Na wewe, mama? Safari hii imevunjika?"

"Imevunjika, Mheshimiwa."

Hakimu akashika mhuri. Akauweka tena mezani. Akatazama mlango, kama mtu anayehakikisha hakuna anayemsikia, akaegemea mbele.

"Mara ile uliuliza swali. Umepata jibu?"

"Nimepata."

"Kavunja nani?"

 Kesho akanyoosha mgongo, uso umeloa jasho, akafungua kinywa tayari kusema mbele ya serikali nzima. Mama Pindo akamkanyaga mguu chini ya meza, palepale kwenye pindo jipya.

"Mahakama haina haja ya kujua," akasema.

Mkalimani akalitafsiri neno kwa neno bila kutia lake hata moja, na hakimu akagonga mhuri.