Kondoo wa Kiptum

Sasa nani alimwambia Kiptum achinje? Pale Roret alikuwa na kondoo mmoja tu, na yeye mwenyewe figo zimekufa zote mbili, nyama amekatazwa hata kuonja. Lakini dada yake, Chepchirchir, alikuwa amekubali kumpa figo moja, na siku hiyo alikuwa anakwenda Kericho kupimwa damu. Aondoke na chai ya rangi tu, kama mtu asiye na ndugu? Saa kumi na moja alfajiri sufuria ilikuwa inatokota.

"Kula, dada. Ongeza," Kiptum alisema, miguu imemvimba, macho yanacheka.

Chepchirchir akala mpaka vifungo vya sweta vikamshinda. Wewe ungekataa?

Saa tatu wakamtoa damu. Saa nane Daktari Kebaso, aliyetumwa kutoka Nairobi kuchagua watakaofanyiwa upasuaji, akamwita ndani, uso ameukunja.

"Mama, taka ziko juu kwenye damu yako. Inaonekana figo hazisafishi vizuri. Siwezi kukutoa moja."

"Mimi? Mimi nachuma majani chai kutoka asubuhi mpaka jioni!"

Daktari akamtazama vizuri. "Leo umekula nini?"

Akamwambia. Daktari akaweka kalamu chini. Nyama iliyopikwa, alieleza, hupandisha kipimo hicho kwa saa kadhaa hata kwa mtu mwenye afya yake. Angekuja na maji tu tumboni. Lakini hakuna aliyemwambia, hata mmoja! Chepchirchir alilia kwa hasira.

"Basi nitoe damu tena kesho!"

"Tutakutoa. Lakini orodha naondoka nayo leo, na kuna mgonjwa mwingine anangojea hiyo nafasi. Ingine ni Oktoba."

Ilikuwa Juni, mwaka wa tisini na sita. Daktari hakusema kama Kiptum angefika Oktoba, na Chepchirchir aliogopa kuuliza.

Jioni alimkuta kaka yake mlangoni, amejifunga blanketi.

"Wamesema nini?"

Angeanzia wapi? Amwambie ni kondoo wako?

"Wamesema figo zangu si nzuri."

Kiptum akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, dada. Kumbe wewe pia ni mgonjwa, na mimi nakusumbua."

Akafumba macho, akaanza kumwomba Mungu amponye dada yake. Yeye mwenyewe hakujitaja hata mara moja.